Kufuli la Msimu Mmoja

Kila kijana wa programu anayepita Njombe akaambiwa kuna shangazi mstaafu aliyewahi kuwaweza wezi wa programu, anakuja kunigongea. Namwambia kamwene, salamu yetu ya huku, namkaribisha jikoni kwa sababu sebule yangu ina baridi ya kugandisha mafuta ya kupikia, namwekea chai. Kabla hajapuliza funda la kwanza, swali limeshatoka: "Shangazi, kivurugaji kipi ni bora?"

Jamani, mnaniudhi. Ni kama mtu aingie duka la viatu aseme nipe kiatu bora, hasemi mguu wake ukoje wala anakwenda wapi. Mmoja wenu nilimjibu kwa ukali mpaka akaacha chai nusu kikombe, na mpaka leo namwonea huruma kidogo. Basi kaeni, niwaambie mara moja, na mkitoka hapa mwambiane wenyewe kwa wenyewe.

Kwa wale mnaoanza: programu ukiipeleka kwa watu, unaipeleka na utumbo wake. Mtu mwenye zana na subira anaifumua kama sweta la zamani, anaona kila uzi ulivyopita. Akishaona, anaweza kunakili, au vibaya zaidi, anabadilisha uzi mmoja, anaifuma upya na kuigawa kwa sura yako na jina lako. Kivurugaji ni chombo kinachouchanganya ule msimbo uliouandika, kiasi kwamba simu inaendelea kuuelewa lakini binadamu akiusoma anaumwa kichwa. Ndiyo kazi yake, hakina ya ziada. Atakayewauzia kwa kuwaambia kinazuia wezi milele, mwambieni Shangazi Edina amesema ni mwongo.

Mimi na mwenzangu Yusufu tulikuwa na ofisi Makambako, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Yusufu ni mtoto wa pale pale mjini, baba yake mwenye malori, kijana wa mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ananiita Dada, na akitaka kunipinga ananiita Dada mara mbili. Tulitengeneza vingi, lakini kilichotuweka mjini ni programu ya simu tuliyoiita Pima Gogo. Mkulima anapima mzingo wa mti wake na urefu, anaingiza kwenye simu, inamwambia mti ule utatoa mbao ngapi. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa anatembea shambani mikono mfukoni, anatazama misindano, ile miti ya paini, juu chini, anataja idadi kutoka kichwani mwake, na mkulima anakubali.

Msidhani hesabu ile ilikuwa ya kitabuni. Tulisimama misimu na misimu kando ya mashine za dingdong zinazopasulia mbao, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, tunapima gogo kabla halijaingia na kuhesabu kilichotoka. Msindano wa upande wa baridi unakua tofauti na wa bondeni. Uliopinda una hesabu yake. Hesabu hiyo ndiyo ilikuwa moyo wa Pima Gogo, mengine yote ni rangi na vitufe.

Najua mtaniuliza, kwa nini moyo huo hamkuuweka kwenye seva, simu ikawa inauliza tu na kujibiwa? Swali zuri, na kama mnaweza, fanyeni hivyo, kwa sababu kisichokuwamo kwenye simu hakiibiwi kwenye simu. Lakini mmewahi kufika mashamba ya Ipelele, kule Makete? Mimi nimezaliwa huko. Ukiwa katikati ya miti, mtandao unaupata ukipanda kilimani na kunyoosha mkono juu kama unayemwita mtu. Ilibidi hesabu ikae ndani ya simu ya mkulima, na hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Siku moja tukaitwa Ipelele na Mama Luvanda, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miti. Ni mama mfupi, sauti yake inasikika mlima wa pili. Tulikuta watu wamekaa kwenye nyasi na katikati yao gogo moja limelazwa. Mama Luvanda akanipa simu mbili.

"Hizi zote Pima Gogo. Sura moja, rangi moja. Mwanangu Edina, pima."

Nikapima. Simu ya kwanza ikasema mbao kumi na moja. Ya pili ikasema saba.

Nikapima tena. Kumi na moja. Saba. Nyuma ya watu alikaa mzee mmoja, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Nikaambiwa yule ameshauza shamba zima kwa ile simu inayosema saba. Aliniangalia tu, na heri angenitukana.

"Tulikupeleka shule," Mama Luvanda akasema. "Ukatuletea kipimo, tukakiamini kuliko macho yetu. Sasa kipimo kimetuuma. Msimu ujao wa kuuza, ama utuletee kipimo ambacho mtu hawezi kukichezea, ama usituletee kitu tena. Uje kuzika, uje kucheza ngoma za harusi, karibu sana. Lakini na simu yako usije."

Mnaelewa maana yake? Kwenu kabisa, walikozikwa babu zako, unaambiwa kazi yako ya maisha uiache getini. Nilitoka pale nimekaza uso, nikafika kwenye gari nikalia kwa sauti. Yusufu aliendesha mpaka karibu na Njombe bila kusema kitu, na hiyo kwa Yusufu ni muujiza.

Ofisini tuliifumua ile programu ya uongo. Ilikuwa yetu, herufi kwa herufi, isipokuwa namba moja katika hesabu iliyopunguzwa. Ilivyosambaa ni rahisi: kwa sababu mtandao hakuna, vijana wa kule wanarushiana programu simu kwa simu. Dalali mmoja wa mbao alipita mashambani akisema, "Wazee, toleo jipya hili," na watu wakapokea kwa furaha.

Sasa chekeni niwaambie tulivyokuwa tumeilinda. Nilikuwa na wazo ambalo nililiona la kijanja kupita kiasi. Kila kijisehemu cha programu kina jina, na kwa kawaida majina hayo tunaandika Kiingereza. Mimi nikasema, aka, tutaandika Kikinga, lugha yetu ya Makete! Nani huko duniani mwenye zana za kufumua programu anajua Kikinga? Masikini Yusufu, ambaye si Mkinga wala Mbena, ilibidi nimfundishe maneno. Alikuwa akitamka neno la bibi yangu la kukata mti mpaka mteja mmoja wa chini dukani akapanda juu kuuliza nani anaumwa. Tulijivunia ulinzi wetu huo kwelikweli.

Nikajiuliza ni nani Makambako mwenye uwezo wa kufumua programu. Sikuhitaji kuwaza sana. Karibu na stendi kulikuwa na fundi simu anaitwa Festo, amesoma chuo Mbeya, mtu wa maringo, kofia ya sufu kiangazi na masika. Simu iliyofungwa na mwenyewe akasahau namba ya siri, inakwenda kwa Festo. Nikamwendea mchana kweupe, nikasimama mbele ya meza yake nikaweka ile simu ya saba.

"Hii ni kazi yako?"

Akaitazama. Hakukana, akatabasamu! "Kumbe wewe ndiye mwenyewe? Shangazi, shikamoo. Nilitaka sana kumwona aliyeandika. Kikinga safi, Shangazi! Nilikuwa nasoma kama naongea na bibi yangu. Kazi ya kuhangaika siku nzima niliimaliza kabla chai haijapoa."

Loo! Nilitaka kumrushia simu usoni. Kumbe naye ni wa Makete, jirani kabisa na Ikonda kwenye ile hospitali ya misheni. Mimi hapo Makambako, mji uliojaa Wakinga kila duka la tatu, naficha siri kwa Kikinga! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Si kwamba nilimfungia mlango mwizi, nilimwandikia maelekezo kwa lugha ya mama yake.

"Unajua namba uliyobadilisha imefanya nini?" nikamuuliza. Nikamweleza habari za yule mzee na koti lake. Tabasamu likaondoka polepole. Akasema dalali alimwambia programu ameinunua, ni yake, anataka tu irekebishwe. Sijui kama alimwamini au alitaka kumwamini. Lakini nilimwona anavua kofia, na watu wa stendi watawaambia Festo havui kofia.

Nikarudi ofisini nikamwambia Yusufu: tutachagua kivurugaji, na atakayetuchagulia ni Festo.

"Dada. Dada! Unamkabidhi fisi bucha?"

"Simkabidhi bucha. Namkabidhi kufuli, nione meno yake yanafika wapi."

Hili ndilo nataka mlishike, wanangu. Msichague kivurugaji kwa kusoma matangazo ya muuzaji, kila muuzaji kufuli lake ni chuma. Mtafuteni mfunguaji, mtu anayejua kweli, mkubaliane naye kwa haki na mumlipe, kisha mpeni kufuli moja moja afungue mbele yenu. Na asiwape neno "imefunguka" peke yake. Mwambieni aseme aliingilia wapi, kwa sababu hapo ndipo mnapojifunza. Festo alikuja ofisini kwetu, tukampa meza dirishani, na Yusufu akawa anamtazama kwa jicho la pembeni kama mwenye duka anavyomtazama mteja asiyenunua.

Cha kwanza kilikuwa cha bure, kile kinachokuja pamoja na zana za kutengenezea programu. Kinafupisha majina yote yanakuwa a, b, c, na programu inapungua uzito, jambo zuri. Tulidhani Festo atazungukazunguka. Akaingia moja kwa moja! Nikamuuliza umepitia wapi. Akasema, "Shangazi, majina mmefuta, lakini maneno ya kwenye skrini mmeyaacha. Nimetafuta yalipoandikwa 'Ingiza mzingo wa gogo', nikafuata nyuma hatua mbili, nikakuta hesabu imekaa inanisubiri." Ndiyo hivyo. Unafuta namba za nyumba halafu unaacha kibao getini. Kuanzia siku hiyo nikajua kivurugaji kisichoficha na maneno, kwa kazi yangu hakifai.

Cha pili kilitoka nje, cha gharama, kinachanganya kila kitu mpaka kinaunda mashine ndani ya mashine. Festo alikihangaikia mpaka akaanza kuongea peke yake. Alipoweka kalamu chini akasema hiki sikiwezi, Yusufu akarukaruka, akaenda kununua soda za wote na za wale wa duka la chini. Mimi pia nilifurahi. Lakini bosi wangu wa kwanza, mama mmoja mkali wa Dar aliyenifundisha kazi, alikuwa na msemo: usishangilie kwenye kompyuta yako, nenda kashangilie kwenye simu ya mteja. Nikasema, kunyweni soda polepole, kesho tunakwenda Kichiwa.

Kichiwa tuna wakulima wanaotusaidia kujaribu, watu wa viazi na miti. Simu zao mnazijua, kioo kimepasuka, nafasi imejaa picha za ubatizo na kwaya. Tukaweka Pima Gogo mpya. Simu zikapata moto. Mzee mmoja aliingiza mzingo, akangoja, akawasha tumbaku, akavuta, akazima, ndipo jibu likaja. Akanirudishia. "Mwanangu, hii programu yenu imechoka kuliko mimi." Kibaya zaidi, simu nyingine zilianza kutoa onyo kwamba programu yetu ni ya hatari, ifutwe. Ndiyo, vijana! Ukivuruga mno, unafanana na wale wanaoficha virusi, na simu haijui wewe ni mtu mwema. Kule ambako watu walishaumwa na kipimo cha uongo, fikiria simu yenyewe inakuambia usimwamini Edina. Tulizifuta zote kabla hatujanywa hata maji.

Hapo nikakumbuka jambo jingine la yule bosi. Alikuwa akisema siri iko mahali pamoja, kwa hiyo linda mahali pamoja, mengine yaache yapumue. Rangi za vitufe zina siri gani? Picha ya mti ina siri gani? Tukatafuta kivurugaji kinachokuruhusu kuchagua. Tukakipata cha tatu, cha bei ya kati, na nilikipenda kwa sababu nne nitakazowaambia bila kuremba. Kiliturudishia uamuzi wa sehemu zipi zivurugwe sana na zipi ziguswe kidogo. Kilificha maneno. Kilikagua muhuri, maana yake mtu akibadilisha hata namba moja na kuifunga upya, programu inagundua mkono uliofunga si wetu na inakataa kufunguka. Na waliokitengeneza walijibu barua zetu siku tulizouliza, jambo ambalo vijana mnalidharau mpaka siku simu mpya zitoke na chombo chenu kife nazo.

Hakikukosa vituko vyake. Mara ya kwanza kilibadilisha hata majina ya sehemu zinazotunza vipimo vya zamani, na mkulima akifungua anakuta miti yake yote imetoweka. Yaani siku ile Kichiwa nilisikia kilio kama cha msiba. Tukakiambia sehemu hizo kisiziguse, miti ikarudi. Na Yusufu naye! Kivurugaji kila kikivuruga kinakuachia ramani ya kusomea majina mapya ni yapi ya zamani. Bwana akasafisha kompyuta yake, ramani ikaenda na takataka. Wiki ile kosa likitokea kwenye simu ya mtu tunaletewa taarifa kwamba "a imeanguka ndani ya c". A gani? C ipi? Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Tunzeni ramani, mahali pawili, na sehemu moja isiwe karibu na Yusufu.

Basi Festo akakaa na cha tatu. Akajaribu maneno, hakuna. Akabadilisha namba moja mahali alipobahatisha, programu ikagoma kufunguka. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu aliponigeukia.

"Shangazi, nisikufiche. Hii nitaifungua. Si leo, si wiki hii. Lakini ukinipa miezi, nitaifungua. Na mimi nikiweza, yuko mwingine anaweza."

Yusufu alijitupa kitini. "Basi tumekwisha. Mama Luvanda alisema kisichochezewa. Tukimpelekea kinachochezewa taratibu, atatufukuza taratibu?"

Nami nilikata tamaa, niwe mkweli. Nilisimama dirishani kutazama barabara, malori ya mbao yanashuka kutoka milimani, matope yamekauka kwenye matairi. Nikayatazama yale matope. Halafu nikageuka nikauliza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Yusufu, malori ya baba yako yanaacha lini kupanda mashambani Makete?"

"Mvua zikianza. Nani apeleke lori kwenye utelezi ule? Kila mtu anajua."

"Na madalali?"

"Wanapanda na nini sasa, kwa miguu? Lori lisipopanda hakuna anayenunua mti, Dada." Macho yakamtoka. "Dada. Dada!"

Kila mtu anajua, na sisi watatu tulikuwa tumesahau kwa sababu tulikuwa tunawaza kama wauza kufuli wa mijini. Mwizi wetu hakuwa na miaka. Alikuwa na kiangazi kimoja. Programu ikisimama imara mpaka mvua ifunge barabara, aliyeivunja siku inayofuata amevunja kitu kisicho na mnunuzi, na kabla jua halijarudi sisi tumeshabadilisha hesabu ilivyofichwa, tumevuruga upya, anaanza mwanzo. Sikuhitaji ukuta wa milele. Nilihitaji wa kufika mvua tu.

Tulikwenda Ipelele kiangazi kinaanza. Mkutano uleule, watu kwenye nyasi, yule mzee wa koti amekaa safari hii mbele. Mama Luvanda hakunisalimia sana. Aliuliza moja kwa moja: "Kipimo hiki, kinaweza kuchezewa au hakiwezi?"

Yusufu alikuwa ameniomba njia nzima niseme hakiwezi. "Sema tu, Dada, nani atajua?" Lakini nilimwona yule mzee ananiangalia, nikasema:

"Kinaweza. Ila aliye hodari kuliko wote Makambako amesema hakimalizi kabla ya mvua. Na mvua ikipita, tutaleta kingine. Kila mwaka kingine. Na kuanzia leo toleo jipya litatoka mkononi mwa mwenyekiti wenu tu, la barabarani msipokee."

Yusufu akafumba macho. Kisha yule mzee wa koti akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka. Akasema, "Na uzio wa nguruwe pori je? Si tunaufunga upya kila mwaka? Kuna aliyewahi kufunga uzio wa milele hapa?"

Watu wakaangua kicheko, mmoja akamtania mwenzake ambaye uzio wake hata wa mwezi haufiki. Mama Luvanda akanigeukia. "Leo ndiyo nimekuamini," akasema. "Wengine wote wanaokuja na simu hapa wanasema haiharibiki. Haya, tuwekeeni."

Msimu ule sikulala vizuri. Kila simu ikilia nafikiri ndiyo ya kuniambia imevunjwa. Festo alikuwa dirishani pake anahangaika kwa niaba yetu, na kila asubuhi namuuliza, naye anatikisa kofia: bado. Dalali alimrudia, Festo akamfukuza. Akaenda kwa fundi mwingine, na huyo akambadilishia namba ya kubahatisha bila kuuliza wala kujaribu. Sijamsimulia mtu habari hii bila kucheka: bwana dalali akapanda Ipelele na "toleo jipya" lake, akasimama kwenye shamba la Mama Luvanda mwenyewe, hakujua ni la nani. Akagusa Pima Gogo, ikajifunga. Akagusa tena, ikajifunga. Akazima simu akaiwasha, wakulima wanazidi kumzunguka, kila mmoja na ushauri wake. "Ipe hewa, baba." "Labda inataka kula." Mama Luvanda akatoa ya kwake, akapima mti mbele yake, akamwambia idadi, akamwambia ukitaka nunua kwa hii, hutaki shuka. Alinipigia baadaye akiwa kilimani juu, upepo unavuma, na nilimsikia anacheka mpaka mtandao ukakatika.

Wakauza kwa kipimo chetu shamba baada ya shamba, chini mpaka juu.

Halafu mvua ikaja. Ilianza asubuhi kwa ngurumo, mchana barabara ya Makambako mito, malori yamepangwa kando madereva wamekaa wanacheza bao. Mlango wetu ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Festo kutoka stendi, amelowa mpaka mifupa, simu ameinua juu kama kombe.

"Nimeifungua! Shangazi, nimeifungua! Angalieni, gogo moja mbao saba! Nilisema nitaifungua!"

Mimi na Yusufu tukatazamana. Tukacheka mpaka Yusufu akashika meza, mpaka fundi wa vipuri wa chini akagonga dari. Festo amesimama na maji yanamtiririka. Nilimshika bega nikampeleka dirishani, nikamwonyesha malori. Alitazama ule mstari wote. Kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, akacheka kuliko sisi.

Tukiwa bado hatujapumua, simu yangu ikaita. Mama Luvanda, amejibanza kilimani, mvua inapiga bati la kibanda kama kokoto.

"Mwanangu Edina. Gogo la mwisho lilishuka jana jioni. Mwaka huu hakuna aliyelia hapa. Yule mzee ameuza shamba la mwanawe kwa kipimo chako, anasema ukija utakula kwake, siyo kwangu, na mimi nimemwambia tutagombana. Njoo nyumbani. Na simu yako uje nayo, unasikia?"

Nilisikia. Nilipiga kigelegele pale pale ofisini, mwanamke mzima na miwani yangu, na madereva chini wakaacha bao wakatazama juu. Festo aliningoja nimalize, bado ameshika ile simu aliyoivunja kwa jasho la kiangazi kizima.

"Sasa Shangazi, mimi nifanye nini na hii?"

"Weka mezani," nikamwambia. "Vua hilo koti lililolowa, ukae, unywe chai. Kesho tunaanza ya mwakani."